Moto Unaogandisha Maji

Watu wazima wenye akili timamu walikuwa wanakuja zahanati bila ugonjwa wowote. Wanajishika kiuno, wanalalamikia mgongo, wanapewa vidonge viwili vitatu, na kabla ya kuaga wanauliza kwa sauti ya chini kama wanaweza kuonyeshwa lile friji. Hiyo ni mwaka 1993, Ruangwa haijawa wilaya bado, na kila kitu kuanzia dawa hadi karatasi za kuandikia kinatoka Nachingwea. Friji lilikaa chumba cha nyuma, jeupe, kimo chake kifuani kwa mtu mzima, na chini ya tumbo lake iliwaka taa ya mafuta usiku na mchana. Moto chini, barafu juu. Waliochungulia waliondoka wanatikisa vichwa, na wapo waliosema waziwazi kwamba serikali imeleta kitu ambacho hakiko sawa.

Mwamini alitikisa kichwa kuliko wote, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kulitunza. Alikuwa na miaka ishirini na saba, darasa la saba alilimalizia Nandagala, na alikuwa ameolewa na Rahimu, mkulima wa korosho katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Matambarale. Kazi aliyopewa ilikuwa ya mhudumu: kufagia, kuchota maji, kuchemsha sindano. Siku ya kwanza nesi wa pale, mama wa makamo aliyeitwa Klementina, alimshika mkono wa kulia akauweka juu ya bomba la moshi nyuma ya friji, nusura uungue. Kisha akauingiza mkono uleule ndani ya friji, ukaanza kufa ganzi.

"Umeelewa?" Klementina aliuliza.

"Sijaelewa, nesi."

"Na mimi sijaelewa, huu mwaka wa kumi na moja. Kazi yako si kuelewa. Kazi yako huo moto usizimike, na uwe wa bluu. Ukigeuka njano, uniite hata kama niko chooni."

Mwamini alikuwa na sababu yake ya kulishika neno hilo. Miaka minne kabla, mafuta ya taa yaliadimika miezi miwili, friji likageuka kabati la kawaida, na surua ikapita kijijini. Ilimchukua mtoto wake wa kwanza, Shaban, aliyekuwa ameanza kusema maneno mawili mawili. Habari zake Mwamini hakuzizungumza mbele za watu. Lakini tangu alipoelezwa kwamba chanjo ya surua hufa ikipata joto, na kwamba kinachoizuia isife ni mwali usiozidi ukucha wa kidole gumba, alipiga magoti kila asubuhi mbele ya ule moto kabla ya kushika fagio. Aliuangalia kupitia kioo kidogo kilichowekwa pale kwa kazi hiyo. Aliogopa, na alipenda kuogopa kule.

Miaka ikaenda. Ruangwa ikawa wilaya, Klementina akastaafu akarudi kwao Masasi, Mwamini akapelekwa kozi ya kuchoma chanjo na kurudi na cheti ambacho Rahimu alikitundika ukutani juu zaidi ya picha yao ya harusi. Alizaa wengine watatu, na wa kwanza kati yao, Shamimu, ndiye aliyempa jina ambalo kijiji kizima kilimwitia. Akaja mganga kijana aliyeitwa Dastani, ambaye watu walimwita daktari siku aliyoshuka tu kwenye lori. Na mwaka 2003 likaja friji la gesi.

Hili lilikuwa kiboko. Hakuna utambi wa kukata, hakuna masizi. Mtungi ulisimama nje ya ukuta, mpira ukapita tundu la dirishani, na chini ya friji kulikuwa na chumba kidogo cha bati chenye kichomeo. Unabonyeza kitufe kimoja gesi inakuja, unabonyeza kingine inaruka cheche, na mwali unasimama bluu ya wino bila sauti yoyote. Kando ya mwali palikuwa na kijiti cha shaba ambacho kazi yake ilikuwa kuuhisi moto. Kikikosa joto, chenyewe kinaifunga gesi ili nyumba isilipuke. Mwamini alikiita mnusaji.

Siku lilipowashwa, Dastani alijaribu kumweleza jinsi linavyofanya kazi. Ndani ya yale mabomba, alisema, mna maji yaliyochanganywa na kitu kikali kiitwacho amonia. Moto unaitoa amonia kwenye maji inakuwa mvuke, inapanda, inapoa, halafu inashuka kwenye friji na kubeba joto lililomo humo ndani na kuondoka nalo.

"Kwa hiyo moto unakuja kumtoa moto mwenzake," Mwamini alisema.

"Sema hivyo tu, mama Shamimu. Ni karibu na kweli kuliko nilivyosema mimi."

Jioni alimsimulia mumewe. Rahimu aliacha kula, akafikiri, akamwomba asilirudie jambo hilo mbele ya mama yake mzazi, maana bibi yule alikuwa na presha.

Sasa Jumatatu moja ya Julai 2004, Mwamini alipiga magoti asubuhi kama kawaida, akachungulia kiooni, akaona giza.

Alifikiri macho yake ndiyo yana shida. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho salfa, dawa ya ukungu, na mtu yeyote wa nchi ya mikorosho anajua Julai inavyokuwa. Alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, mashine zinanguruma mashambani, na unga wa manjano unapanda juu ya miti na kushuka juu ya kila kitu. Macho yanawasha, nguo zinanuka, uji unanuka, hata mto unaolalia unanuka salfa. Mwamini alijifuta kwa ukingo wa kanga akachungulia tena. Giza lilelile. Akagusa bomba la moshi, lilikuwa la baridi.

Kipimajoto ndani kilisoma saba. Kikipita nane, chanjo zinaanza kuharibika. Hakupiga kelele. Alizihamishia chupa zote kwenye kisanduku cha baridi, akazipanga katikati ya vipande vya barafu vilivyobaki, akafunga kifuniko na kukaa juu yake, ndipo akamtuma mgonjwa wa kwanza aliyefika akamwite daktari.

Dastani alikuja na kijitabu cha friji kilichoandikwa Kiingereza, akawa anakisoma na kumtafsiria. Kwanza, je, gesi ipo? Walimwagia mtungi maji ya moto ubavuni na Mwamini akapapasa kwa kiganja. Pale penye gesi chuma kilibaki baridi, na mstari wa baridi ulikuwa juu ya nusu. Gesi ipo. Pili, je, inavuja? Walipaka mpira povu la sabuni toka mtungini mpaka kwenye friji na hakuna kiputo hata kimoja kilichovimba. Tatu, je, cheche inaruka? Iliruka. Nne, bonyeza, washa, shikilia kitufe sekunde sitini mpaka mnusaji apate joto, ndipo uachie.

Waliwasha. Mwali ulikuja, lakini haukuwa ule wanaoujua. Ulikuwa wa njano, mlegevu, unarukaruka na kujitenga na kichomeo. Dastani alihesabu sitini akaachia, ukafa. Walifungua mlango na madirisha wakasubiri dakika kumi, kwa kuwa gesi ile hulala chini sakafuni ikimngoja mwenye haraka, wakajaribu tena. Ukafa. Mara ya sita Mwamini alishikilia kile kitufe mpaka kidole kikawa cheupe, na alipoachia alifumba macho kama mtu anayetolewa jino. Ukafa.

"Na namba tano inasemaje?" aliuliza.

"Namba tano inasema ita fundi."

Fundi wa friji wa wilaya alikuwa mmoja. Dastani aliandika barua, akaipeleka kwa dereva wa lori lililokuwa linakwenda Ruangwa mjini, na Jumanne asubuhi majibu yakarudi kwa lori lilelile. Fundi yuko Lindi mpaka wiki ijayo. Kama friji haliwaki hadi Jumatano jioni, chanjo zirudishwe Ruangwa kabla barafu ya kisanduku haijaisha, na friji lenyewe liandaliwe kuchukuliwa lipewe zahanati nyingine.

Mwamini aliisoma mwenyewe mara mbili. Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Kina mama sabini na kitu wangeamka alfajiri kuja na watoto migongoni, na kijiji cha jirani tayari watoto wanne walikuwa wamefungiwa ndani na surua. Friji likiondoka, chanjo ya karibu itakuwa Ruangwa, na alijua ni wangapi wangekwenda na ni wangapi wangesema tutakwenda mwezi ujao. Yeye mwenyewe aliwahi kusema tutakwenda mwezi ujao.

"Tumwite Eustakio," alisema.

"Eustakio wa baiskeli?"

"Anatengeneza na karabai, daktari. Na mashine za salfa. Kitu chenye moto na tundu anakijua."

Eustakio alikuwa Mmakonde mfupi, mtu wa maneno machache, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita naye akiwa tumboni. Kibanda chake kilikuwa jirani na mashine ya kusaga, na hapakuwa na baiskeli kutoka pale mpaka Matambarale ambayo hakuwahi kuigeuza miguu juu. Alifika na mfuko wa spana, akalizunguka friji mara moja, akauliza moto wake unakaa wapi. Alipoonyeshwa, akauliza barafu inakaa wapi. Alipoonyeshwa na hiyo, alifanya ishara ya msalaba, akalala kifudifudi sakafuni.

Nati ya kichomeo ilimshinda Dastani jana yake, mikono ikamtoka malengelenge. Eustakio aliishika, akatikisa kichwa. "Hii inafunguka kinyume, daktari. Kama pedeli ya kushoto." Akaizungusha kuelekea upande ambao mtu mwingine angekaza, ikalegea kama imechoka kungoja.

Kichomeo kilipotoka walikibeba dirishani kwenye mwanga. Kilikuwa na wavu mdogo wa chuma mahali mwali unapotokea, na wavu ule ulikuwa umezibwa na ukoko wa rangi ya asali iliyoungua. Mnusaji naye, shaba iliyokuwa inang'aa siku aliyoletwa, alikuwa mweusi tii na ana magamba. Eustakio aliukwangua ule ukoko kwa ukucha, akaunusa.

"Salfa," alisema. "Imeyeyuka humu ikaganda. Moto unakosa hewa, huyu mweusi naye hapati joto. Ndiyo maana unazimika."

"Salfa imefikaje chini ya friji?" Dastani aliuliza.

Eustakio alinyosha mkono kuelekea dirishani, ambako mashine ya mtu ilikuwa bado inanguruma. "Hewa yote hii. Mimi hata chai yangu inanuka."

Dastani alikaa kwenye benchi. Kijana wa watu alikuwa amechoka. "Basi limekwisha," alisema. "Kama ni hewa, tukisafisha leo litaziba tena wiki ijayo, na hivyo hivyo mpaka Septemba. Nitawaandikia kwamba friji la gesi halifai huku kwenye mikorosho. Walichukue. Watoto watakwenda Ruangwa."

Mwamini hakuwa anamsikiliza vizuri. Alikuwa anaangalia sakafu.

Kuna jambo ambalo huku hakuna anayefundishwa kwa kuwa kila mtu amezaliwa analiona. Salfa ikibaki msimuni haitupwi. Inazungushwa kwenye ghala panya na nyoka wasisogee, inanyunyizwa mlangoni siafu wakipita, inawekwa chini ya kitanda cha mzazi na kichanga chake. Na miezi miwili kabla, sisimizi walipoanza kupanda miguu ya lile friji kufuata joto, Mwamini alifanya kile ambacho mama yake angefanya. Alichota salfa kwenye gunia la Rahimu, akazungushia kila mguu wa friji duara la manjano, na kwa kuwa wale wadudu walikuwa wanajificha kwenye chumba cha bati alipo mwali, akanyunyiza na humo. Sisimizi walikimbia. Kila Ijumaa alifagia, na kila Ijumaa akaweka upya. Yale maduara yalikuwa pale pale mbele ya macho ya watu watatu, na hakuna aliyeyaona, kwa sababu katika nyumba gani ya huku utakosa kuyaona?

Miaka kumi na moja alikuwa akiupigia magoti ule moto, na sasa aliona kwamba miezi miwili yote alikuwa akiukaba koo kwa mkono wake mwenyewe, kwa mapenzi. Aliwaza pia mambo ya kawaida: kwamba atafukuzwa, kwamba cheti kitateremshwa ukutani, kwamba kina mama watasema ndiye huyo. Na alijua vilevile kwamba akinyamaza, atafagia jioni na hakuna atakayejua mpaka siku ya kiyama. Wangesema ni hewa. Friji lingekwenda kwa sababu ya hewa.

"Daktari, usiandike," alisema. "Si hewa. Ni mimi."

Aliwaonyesha miguu ya friji, mmoja baada ya mwingine. Alieleza sisimizi, gunia, Ijumaa. Dastani aliinuka, akachuchumaa kwenye mguu wa mbele, akagusa salfa kwa kidole.

"Nimepita hapa kila siku," alisema. "Nimeiruka nisiikanyage."

"Hata mimi kitandani kwa wanangu ipo," alisema Eustakio, tayari ameshafungua mfuko wake. Kwake yeye habari ilikuwa nzuri tu: kitu chenye sababu kinatengenezeka.

Wakafanya kazi. Mwamini alifagia kila punje, akapiga deki mara tatu. Eustakio alitoa kipande cha msasa anachokwangulia mipira kabla ya kubandika viraka, akamsugua mnusaji taratibu mpaka shaba ikarudi rangi yake. Alipofika kwenye tundu la gesi, ambalo lilikuwa dogo kuliko jicho la sindano, alichomoa waya wa kuzibulia majiko ya mafuta, na hapo Dastani alipekua kijitabu akamsihi aache. Kilionya kwamba ukilichokonoa, tundu linapanuka na moto hautakuwa wa bluu tena maishani. Basi wakaliloweka kwenye spiriti ya kusafishia vidonda pamoja na ule wavu, na Eustakio akaenda mbio kibandani kuleta pampu ya baiskeli. Akapiga pumzi upande mmoja, Mwamini ameweka kiganja upande wa pili, mpaka alipohisi kijinywele cha hewa kinamgusa katikati ya kiganja.

"Kimepita," alisema.

Walirudisha kila kitu mahali pake. Nati ikakazwa kinyume. Madirisha yakafunguliwa, wakasubiri zile dakika kumi nje, wamesimama kama wafiwa, na mtu akipita akiwasalimu wanajibu bila kumtazama. Kisha Dastani akasema mama Shamimu ndiye awashe.

Alibonyeza. Cheche iliruka, na mwali ukasimama. Bluu. Umetulia, umekaa juu ya wavu wake, hauna haraka na mtu. Mwamini alihesabu sitini, akaongeza sitini nyingine kwa hofu, halafu akaachia kidole. Mwali ulibaki. Walibaki wote watatu wamelala chini mashavu sakafuni wanaangalia, mganga, fundi baiskeli na mhudumu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Mwamini alilia wazi bila kujificha. Baadaye bomba la moshi likaanza kupata joto, na hakuna mashine iliyonguruma wala gurudumu lililozunguka, moto tu umekaa kimya chini ya sanduku la bati. Alikuwa amejua tangu zamani kwamba moto huu unaleta baridi. Siku hiyo alijua jinsi ulivyo mdogo, na jinsi vitu vingi vinavyouegemea.

Jumatano jioni kipimajoto kilisoma tano. Eustakio alifunga kibanda chake ili aje kushuhudia, akaruhusiwa kugusa ukungu wa barafu ulioanza kushika ukutani, akaondoka. Alhamisi walichoma watoto sabini na mmoja.

Ijumaa Dastani alikaa kujaza fomu ya wilaya. Penye sababu ya hitilafu aliandika "vumbi", akamgeuzia Mwamini karatasi aone kwamba mambo yamekwisha salama.

"Andika salfa, daktari," alisema Mwamini. "Na andika nani kaiweka."

"Wakitaka kukufukuza?"

"Kila zahanati huku ina sisimizi. Na kila mhudumu nyumbani kwake kuna gunia la salfa. Ukiandika vumbi, watapangusa vumbi."

Dastani alimtazama, akakata neno lake, akaandika upya. Barua ilikwenda, na kwa wiki saba Mwamini alilala vibaya akisubiri kuitwa.

Jibu lililokuja Septemba halikuwa la kumfukuza. Lilikuwa waraka uliopigwa chapa, na Dastani aliusoma amesimama. Wilaya ilikuwa imepeleka watu kukagua friji zote za gesi. Friji nne zilikutwa na salfa miguuni. Kwenye tatu, mwali ulikuwa umeanza kugeuka njano. La nne, katika zahanati ambayo waraka haukuitaja, lilikuwa likizimika na kuwashwa upya tangu Juni, mhudumu anaona aibu kusema, na chanjo ya surua ikaendelea kuchomwa kwa watoto huku imeshakufa zamani. Watoto mia moja arobaini na watatu. Walikuwa wanatafutwa na kuchomwa upya.

Mwamini aliomba namba ile isomwe tena. Alijaribu kuwaona, watoto wengi kiasi kile, akashindwa.

"Wote wamepatikana?" aliuliza.

"Wamebaki wawili. Mapacha. Mama yao kahamia kwa wazazi wake Chiola, upande wa Nachingwea. Wamewaandikia."

"Barua itafika lini?"

Mwamini aliomba ruhusa ya siku tatu na kisanduku kidogo cha baridi. Alipanda lori la ufuta hadi Nachingwea, akaazima baiskeli kwa shangazi yake, na saa nne asubuhi ya siku ya pili alikuwa anapiga hodi kwenye nyumba moja Chiola, kanga imejaa vumbi, kisanduku kimefungwa nyuma kwa mpira.

Mama wa mapacha aliitwa Kulthumu. Alimkaribisha, akampa maji, akasikiliza, kisha akaingia ndani na kutoka na kadi mbili za kliniki zilizohifadhiwa kwenye nailoni.

"Wanangu wameshachomwa, dada. Muhuri huu hapa. Siwaumizi mara mbili."

"Muhuri ni wa kweli," alisema Mwamini. "Dawa ndiyo ilikuwa imekufa. Moto wa friji ulizimika."

"Nani aliuona?"

"Hakuna aliyeuona. Mimi niliuzima wa kwetu kwa salfa nikifukuza sisimizi. Niliposema, ndipo wakaenda kuangalia na kwingine, wakakuta na kwenu ni hivyo hivyo."

Pembeni ya mlango wa Kulthumu palikuwa na ghala dogo la mtama, na kuizunguka miguu yake maduara manne ya manjano.

"Umetoka Ruangwa mpaka hapa kuja kunieleza kosa lako?"

"Nimekuja na sindano pia," alisema Mwamini, akafungua kifuniko. Baridi ilipanda usoni mwao. Vipande vya barafu vilikuwa bado vigumu, na katikati yake ile chupa moja imekaa salama. Kulthumu alisogeza kidole, akagusa, akakirudisha haraka.

"Jua lote hili," alisema. "Umeitoa wapi barafu hii?"

"Kwenye moto," Mwamini alimjibu.

Kulthumu alimkagua kuona kama anataniwa. Hakuona utani. Aliigusa tena, mara hii kwa kiganja kizima, akakiacha pale mpaka kikauma, kisha akaketi mkekani, akampakata pacha wa kwanza na kumkunjia mkono wa shati.